Nyumba yangu inatazamwa sana lakini hainunuliwi, nakosea wapi?

Kasuku77
Habari za humu wakuu. Nauza nyumba, vyumba 3 na sebule, tumeishi humo miaka 11. Huu ni mwezi wa 7 tangu niitangaze. Watu wanakuja, hilo silalamiki. Wanazunguka dakika 10, wanasifia uwanja, halafu "tutakupigia." Hawapigi.

Kabla ya kutangaza nilipaka rangi nyumba nzima, ndani na nje. Bei nimeshusha mara 2 na dalali anataka nishushe tena. Mama watoto anasema tubomoe jiko tuweke jipya. Naogopa kumwaga hela juu ya hela. Picha nimeweka hapo chini, niambieni ukweli hata kama unauma.

Bundi wa Mchana
Umetaka ukweli. Picha ya kwanza ni geti. Nani ananunua geti, mkuu? Ya sebule umepiga pazia zimefungwa, na ya bafuni unaonekana mwenyewe kwenye kioo, na ndoo ya nguo mgongoni kwako.

Piga upya. Simama kwenye kona ya chumba, laza simu, ishike usawa wa kifua ili kuta zisionekane zimelala. Fungua pazia zote, chagua saa ambayo jua haliingii moja kwa moja dirishani. Toa nusu ya vitu: meza ya pili, makochi yaliyobanana, zile picha za mahafali ukutani. Mnunuzi anatakiwa ajione yeye humo ndani, sasa kila akigeuka anakutana na nyinyi.

Dalali Mstaafu
Bundi kasema vema, ila tangazo kazi yake ni kumleta mtu, na watu wanakuja. Kinachowakimbiza kiko ndani.

Usishushe bei mara ya 3 kabla hujajua ni nini. Nyumba ikishashuka mara 2, mnunuzi wa tatu haoni nafuu, anauliza ina ugonjwa gani. Wapigie wale waliokuja. Usiwaulize mbona hawakununua, watakupa majibu ya adabu. Uliza hivi: "Ingekuwa yako, ungeanza kurekebisha nini?" Hapo mtu anafunguka.

Na hati ziwe mezani siku ya kutazama, stakabadhi za kodi na bili za maji zikiwa zimelipwa. Mtu akiambiwa "nitazitafuta" anaingiwa na wasiwasi.

Kasuku77
Nimewapigia 4. Wawili hawakupokea. Mmoja kasema bei, basi. Wa nne, mama mmoja mtu mzima, kasita sana halafu akasema: "Mwanangu, chumba cha nyuma kina harufu." Nimeenda kunusa, sisikii kitu. Mke wangu naye hasikii.

Mama Pacha
Hamwezi kuisikia, pua imeshaizoea. Kaeni nje ya nyumba siku nzima, mkirudi mpitilize moja kwa moja hadi chumba hicho, au mleteni mgeni asiye na haya. Na chonde usipulize marashi! Mimi natafuta nyumba mwaka huu, nikiingia nikakuta chumba kinanukia kama duka la manukato, najua kuna kitu kinafichwa. Hapo naanza kuchungulia nyuma ya makabati.

Fundi Chokaa
Kasuku, kuza picha ya 6. Kona ya chini, juu kidogo ya sakafu, rangi imetoa vipele. Ukikwaruza utakuta unga mweupe. Ile ni chumvi, maji yanaitoa ukutani, yenyewe yanakauka, chumvi inabaki. Ulipaka rangi gani?

Kasuku77
Ya mafuta. Kulikuwa na doa, nikaona ndiyo italiziba.

Fundi Chokaa
Umeyafungia maji ndani, ndugu yangu. Ukuta hauwezi kupumua, na ukungu ndiyo unanuka. Tujue kwanza maji yanatoka wapi. Leo usiku funga koki zote, andika namba za mita mpaka ile ya mwisho kabisa, msitumie tone kwa saa nzima, kisha soma tena. Ikisogea, kuna bomba linavuja. Isiposogea, angalia nje: udongo umepanda juu ya msingi, au maji ya paa yanamwagikia hapo hapo.

Kuhusu jiko, acha. Kila mnunuzi ana jiko lake kichwani, atalibomoa lako jipya. Kaza bawaba za kabati, badilisha koki inayodondosha, weka balbu zinazowaka zote.

Kasuku77
Mita imesogea. Si sana, lakini imesogea, na sisi wote tulikuwa tumekaa sebuleni tunaitazama saa kama watoto wanaosubiri kengele. Nyuma ya ukuta ule kuna bafu. Nashika kichwa.

Fundi Chokaa
Afadhali. Bomba lina mwisho, kuliko maji ya ardhini. Likishazibwa, bandua plasta yote iliyolowa mpaka ufike pakavu, uache ukuta wazi, madirisha yakiwa wazi mchana. Ni wiki kadhaa, usiharakishe. Ukipaka rangi mapema vipele vitarudi, na safari hii mnunuzi ndiye atakayeviona.

Dalali Mstaafu
Na mpige picha bomba bovu, ukuta ulivyo wazi, na risiti ya fundi. Mnunuzi akija, mwonyeshe kabla hajauliza. Wengi wanaogopa kusema, lakini kasoro ikigunduliwa baada ya mauzo huwa kesi.

Kasuku77
Tangazo nimeliondoa kwa sasa. Fundi wa bomba anakuja kesho asubuhi kupasua ukuta. Jiko, mama watoto kakubali liachwe, ila kaniandikia balbu 5 za kununua. Picha ya geti nimeifuta, Bundi.