"2L ni 2L": muuza spea kanilazia gari wiki sita na hela hataki kurudisha

Wakuu habari za jioni. Hili jambo nimekaa nalo mpaka kifua kinauma, leo naliandika lote. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Nipo Mwanza, Kirumba. Nanunua dagaa Kayenze na Igombe, nauza soko la Mwaloni. Gari langu ni Hilux LN65, injini ya 2L ya dizeli, cc 2,446. Lilikuwa la marehemu baba. Nimekua nikimshikia tochi akiwa chini ya hilo gari, kwa hiyo anayetaka kuja kuniambia "dada haya ni mambo ya mafundi" aniache kabisa. Nilijua ninachoagiza na nilikiagiza sawasawa.

Ilianza natoka Igombe na mzigo, nimekaribia uwanja wa ndege, mshale wa joto ukapanda mpaka juu. Nikazima, nikasubiri lipoe, nikafungua rejeta. Kuliwasha tena, maji yanatoa mapovu. Anayeijua 2L anajua hapo ni gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku, au hedi yenyewe, yaani kichwa cha injini. Hedi za hizi injini zikipata joto kali zinapasuka katikati ya valvu, ndio ugonjwa wake tangu zamani.

Na joto lilitoka wapi? Mwaka jana fundi mmoja alinitolea thamostati, ile inayoongoza maji ya kupoza injini, akasema huku kwetu joto, haina kazi. Nilimkubalia, na kwa hilo najilaumu mpaka leo. Thamostati ya hii injini ina kisahani kwa ndani, injini ikipata moto kinaziba njia ya mkato ili maji yote yapite kwenye rejeta. Ukiing'oa, ile njia inabaki wazi, maji mengine yanazunguka humo humo kwenye injini bila kupoa. Mafundi, acheni hii tabia. Mnaua injini za watu mkidhani mnazisaidia.

Tuendelee. Nikaenda duka moja hapa mjini kutafuta gasketi. Gasketi za hedi za hizi injini za L zinatoka kwa unene tofauti, zina alama ya herufi pembeni, na unachagua baada ya kupima pistoni zimechomoza kiasi gani juu ya bloku. Nikamuuliza kijana anayo yenye alama gani. Akaniangalia kama nimemtukana. "Zote sawa mama, chukua hiyo." Boksi zuri, nembo ipo, stika inang'aa. Nikachukua kwa sababu maduka manne ya nyuma hawakuwa nayo kabisa. Ilidumu siku kumi na moja. Tulipofungua ilikuwa imeungua kati ya silinda ya pili na ya tatu, tabaka zake zinabanduka kwa kidole. Na safari hii hedi nayo ilikuwa imepasuka.

Sasa hapa ndipo penye kisa chenyewe.

Hedi mpya Mwanza sikupata. Nimezunguka Pamba Road, nimeenda Nyakato, nimefika mpaka Igoma, kila duka ni spea za IST, Probox na Noah. Mtu mmoja akanipa namba ya muuzaji wa Dar, Gerezani. Nikampigia, kijana mchangamfu sana, "hedi ya 2L ipo dada yangu, mpya kabisa, 780,000." Sikutuma hela hapo hapo. Nilipiga picha kibati cha chesisi, nikapiga picha hedi yangu ilivyo juu, nikamtumia zote WhatsApp na nikamwandikia kwa maneno: hii ni 2L ya zamani, ya roka, naomba uhakikishe. Alama mbili za bluu zikatokea. Kaona. Akajibu maneno haya, bado ninayo: "Tuma hela mama, 2L ni 2L."

Nikachukua hela ya kikoba, nikatuma. Mzigo ukaja kwa basi, nikaupokea stendi ya Nyamhongolo, nikalipa na usafiri wake. Fundi anafungua boksi, ananyamaza. Hedi ya vikombe.

Kwa wasioelewa: 2L ziko za aina mbili. Za zamani, kama yangu, kamshafti, ule mhimili unaozunguka kwenye hedi, inasukuma roka, vile vikono vidogo, na roka ndiyo inasukuma valvu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 Toyota walibadilisha, kamshafti ikakaa moja kwa moja juu ya vikombe vya valvu, roka zikaondolewa. Jina la injini likabaki lile lile 2L, na cc zile zile. Hedi niliyoletewa imekuja tupu, haina kamshafti, na roka zangu hazina pa kukaa wala pa kufungiwa. Huwezi kuchonga, huwezi kulazimisha. Ni kama umeagiza mlango umeletewa dirisha.

Na hii si siri ya wahandisi. Namba ya spea ya Toyota inajieleza yenyewe. Ikianza na 11101 ni silinda hedi, ikianza na 11115 ni gasketi ya hedi, na 54 inayofuata baada ya kistari ni ya familia ya injini za L. Tarakimu zinazofuata ndizo zinazotenganisha hii na ile. Muuzaji mwenye namba ya chesisi anaipata namba kamili kwenye katalogi kwa dakika chache. Mimi chesisi nilimpa! Kilichomshinda ni kuangalia tu.

Nikampigia siku hiyo hiyo. Mwanzo alipokea: "Aisee pole, fundi wako hajui kufunga." Nikamtumia video, roka mkononi, hedi mezani. Akasema mali ikishatoka dukani hairudi, imeandikwa kwenye risiti. Risiti yenyewe ni karatasi ya kuandika kwa kalamu, ya EFD, ile ya mashine ya kodi, hakunipa. Siku ya tatu akaniambia "wewe mama una maneno mengi, niletee mwanaume niongee naye." Baada ya hapo hapokei.

Wiki sita gari liko juu ya mawe. Wenye kazi ya dagaa mnanielewa: dagaa wanavuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukiwaka wavuvi wanapumzika. Giza likija ndipo unapotafuta hela ya mwezi mzima, na giza lote lililopita nimekodi gari la mtu, faida yote imeishia kwenye kukodi. Usiku mmoja gari la kukodi halikutokea, mzigo ukabaki Kayenze, mvua ikanyesha asubuhi dagaa wakiwa hawajakauka. Nilivyouza siwezi kukutajia. Kikoba wanadai marejesho, na akina mama wenzangu wana haki ya kudai.

Najua watakuja wa "uza hilo chuma ununue IST." IST haibebi magunia ya dagaa kwenye ile barabara ya Kayenze kipindi cha masika. Na wa "weka 3L." Injini nzima ya 3L ni hela ambayo ningekuwa nayo nisingekopa, halafu kadi ya gari ina namba ya injini, lazima uende TRA kubadilisha. Kibovu kwenye hili gari ni hedi tu. Chesisi nzima, kranki nzima.

Kwa wauzaji: "hairudishwi" mnayoandika kwenye karatasi si ruhusa ya kumpa mtu kitu ambacho hakuagiza. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa ilingane na maelezo iliyouzwa nayo. Nilieleza kwa maandishi na kwa picha. Kosa lingekuwa langu, ningekula hasara yangu nikanyamaza. Na hizo gasketi za boksi bandia, Tume ya Ushindani ndiyo yenye kazi ya bidhaa bandia, boksi ninalo, nalipeleka wiki hii.

Ninachotaka ni 780,000 yangu na nauli ya basi. Hedi yake iko ndani kwangu, haijafungwa hata boliti moja, nitairudisha kwa basi lile lile.

Na wakuu, mwenye hedi ya 2L ya roka, hata iliyotumika, mradi imepimwa kwa presha na haina ufa, anicheki PM. Nipo tayari kuifuata Geita, Shinyanga, Musoma, popote. Huyu jamaa akigoma kabisa kurudisha hela, kama kuna mwenye 2L ya vikombe anayehitaji hedi mpya, yake iko hapa, ila kwanza tuma picha ya injini yako ikiwa imefunguliwa kava. Sitamuuzia mtu kwa kubahatisha.