Hivi huu mwani wa kutengeneza dawa una maana kweli au ni kelele tu?

mdadisi_77: Wakuu habari zenu. Nasoma kila siku eti wanapandikiza jeni kwenye mwani wa seli moja halafu unatoa kingamwili na protini za chanjo. Sasa bakteria wanatengeneza insulini tangu miaka ya 80 na kazi inaenda, mwani wa nini tena?

seli_moja: Mkuu insulini ni protini ndogo, haina shida. Wape bakteria protini kubwa yenye mikunjo mingi uone, inaganda mabonge humo ndani afu uanze kuikunjua na kuikunja upya. Mwani unaotumika sana ni Chlamydomonas reinhardtii, una kloroplasti (ile sehemu ya kijani ya seli inayotengeneza chakula kwa mwanga) moja tu ila kubwa, inakula kama nusu ya seli, na humo protini ngumu zinakunjwa vizuri. DNA inapakwa kwenye vichembe vya metali, vinafyatuliwa kwa bunduki ya jeni, kwa mwani huu imeanza 1988, na jeni ikiingia inakaa palepale ulipopanga.

mdadisi_77: Sasa mbona madukani hatuioni?

Bwana Kipimo: Mavuno mkuu, hapo ndo penye kesi. Mara nyingi protini unayoitaka haifiki hata asilimia 5 ya protini zote zinazoyeyuka, wakati seli za hamsta (mnyama mdogo kama panya) zinazotumika viwandani zinakupa gramu kadhaa kwa lita. Afu kloroplasti haibandiki sukari kwenye protini, na kingamwili nyingi za tiba bila ile sukari haziiti seli za kinga ipasavyo.

seli_moja: Sukari inategemea unatengeneza nini bana. Chukua Pfs25, protini ya kimelea cha malaria, kimelea chenyewe hakiibandiki sukari, ukiitengeneza kwenye hamira ndo inaongeza sukari zisizotakiwa. Mwaka 2012 watafiti wa San Diego waliitengeneza kwenye Chlamydomonas, wakachoma panya sindano, zikatoka kingamwili zinazozuia kimelea kisikue ndani ya mbu. Kwa protini za hivyo mimi naupa mwani kura yangu, kwa kingamwili za saratani hapana.

mdadisi_77: Kwa hiyo siku moja mtu anakula tu mwani anapata chanjo??

Bwana Kipimo: Wamejaribu. Waliiunganisha Pfs25 na kipande cha sumu ya kipindupindu, wakakausha mwani wakalisha panya. Kingamwili za Pfs25 zikatokea kwenye utumbo, kwenye damu hamna, na mbu anafyonza damu.