Barua isiyo na jina kuhusu mavazi yangu: nijibu vipi?

Binti Temeke

Ndugu zangu, naomba ushauri. Ninahudumia wateja katika kampuni binafsi hapa Dar es Salaam, na huu ni mwaka wangu wa sita. Jumatatu ofisa rasilimali watu aliniita akanisomea barua iliyokutwa kwenye sanduku la maoni, isiyo na jina wala saini, inayodai kwamba ninavaa nguo za kubana zinazowakwaza wenzangu. Anataka maelezo yangu kwa maandishi kabla ya Ijumaa. Nilirudi kutoka likizo ya uzazi miezi miwili iliyopita na ni kweli kwamba sketi zangu hazinikai kama awali, lakini ni zile zile nilizovaa miaka yote bila mtu kusema neno. Sasa kila nikiingia chumba cha chai ninawatazama wenzangu mmoja mmoja, nikijiuliza ni nani. Je, nijibu, au nikatae kubishana na mtu asiyejulikana?

Mzee wa Masijala

Binti yangu, jibu. Anayekuuliza si mwandishi wa barua bali mwajiri wako, na ukinyamaza, kimya chako ndicho kitakachobaki kwenye faili.

Kwanza uliza kama hayo ni mazungumzo ya kawaida au ni hatua ya nidhamu. Ikiwa ni nidhamu, kanuni ya 13 ya Kanuni za Utendaji Bora, zilizotolewa kwa Tangazo la Serikali Na. 42 la mwaka 2007, inamtaka mwajiri akueleze tuhuma kwa namna na lugha unayoielewa, akupe muda wa kujiandaa ambao kwa kawaida haupungui saa 48, na akuruhusu kusaidiwa na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzako. "Nguo za kubana", bila kutaja vazi wala siku, ni tuhuma ambayo hata wakili angeshindwa kuijibu.

Mtu asikutishe kwa waraka wa mavazi wa watumishi wa umma; huo ni wa serikalini, nawe uko kampuni binafsi. Kinachokuhusu ni mwongozo wa kampuni yenu. Kwa hiyo andika kwa ufupi: "Nimeipokea hoja hii. Naomba nielezwe ni vazi lipi, la siku gani, na linakiuka kifungu kipi cha mwongozo, nami nitakuwa tayari kulijadili." Usiandike habari za wivu wala usimtaje unayemshuku. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa.

Mama Wawili

Ninakubaliana na mzee wangu, isipokuwa kwamba mimi ningeitaja likizo ya uzazi, tena katika sentensi ya kwanza. Ikiwa nguo ni zile zile na kilichobadilika ni mwili, basi kinacholalamikiwa ni mwili wa mzazi, na kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinakataza ubaguzi, kikitaja jinsia na ujauzito kwa majina. Mwajiri akumbushwe hilo mapema, kwa adabu.

Halafu, mdogo wangu, mpelekee fundi hizo sketi. Nyingi huwa zimeachiwa akiba ya kitambaa kwenye mishono ya pembeni. Usifanye hivyo kwa ajili ya barua. Mimi nilikaa miezi minne nikifunga vifungo kwa pini, na kazi haifanyiki hivyo.

Msomaji Kimya

Niliwahi kuandika barua ya namna hiyo. Nilikuwa mgeni kazini, na mkuu wa kitengo chetu alikuwa akija na ndala mbele ya wateja. Sikumchukia, niliogopa tu kumwambia. Pengine aliyekuandikia ni mwoga kama nilivyokuwa, ingawa kuusema mwili wa mtu ni jambo jingine kabisa na ndala. Usiwapeleleze wenzako, kwa maana ukimshuku asiyehusika utakuwa umempoteza bure.

Binti Temeke

Nawashukuru. Nimepeleka barua leo asubuhi, na likizo ya uzazi nimeitaja. Ofisa alitafuta mwongozo katika droo mbili, akakuta umeandika "mavazi nadhifu na ya heshima", basi. Amesema ataniita wiki ijayo. Sketi mbili ziko kwa fundi.