Nyuzi tano za Keith Richards: chimbuko lake hasa ni lipi?

Kisasa_Rithim ameuliza:

Mbukwenyi wakuu. Naandaa kipindi cha dakika 40 kwa vijana wa bendi hapa Dodoma, kuhusu chimbuko la mtindo wa Keith Richards wa Rolling Stones, mtunzi na mpiga gitaa. Sitaki kuwasomea orodha ya majina, "aliathiriwa na fulani, na fulani, na fulani", halafu tutawanyike. Nataka kila jina nikilitaja nishike gitaa na kuonyesha kwa vidole: hiki kimetoka pale.

Nimekwama sehemu tatu. Kwanza, nikityuni gitaa wazi kwenye G kama yeye (nyuzi zitoe kodi ya G bila kubanwa), kodi, yaani sauti kadhaa kwa pamoja, inatoka lakini nzito, imejaa matope, haina ule mkato wake. Pili, kila mtu anataja Chuck Berry, mpiga gitaa Mmarekani wa rokenroli, ila hakuna anayesema ni kitu gani hasa cha Chuck Berry. Tatu, hapa kuna wanaosema tyuni ile inafanana na zeze, kwa hiyo asili yake ni Ugogo. Je, naweza kusimama mbele ya vijana na kusema hivyo?

Fundi_Nyuzi:

Mkuu, nianze na matope, maana ukiyatatua utakuwa umeshashika nusu ya historia.

Tyuni ya kawaida kutoka uzi mnene ni E A D G B E. Shusha uzi wa sita sauti nzima hadi D, wa tano sauti nzima hadi G, wa kwanza sauti nzima hadi D. Wa nne, wa tatu na wa pili usiziguse. Umepata D G D G B D. Sasa ng'oa kabisa uzi wa sita. Zimebaki G D G B D, na mzizi wa kodi (sauti inayoipa jina, hapa G) ndio sauti ya chini kuliko zote. Ukiuacha ule wa sita, kila mkono unaposhuka unapiga D chini ya G, na mpiga besi naye yuko eneo hilohilo. Hapo ndipo matope yanapoanzia. Wengine huuziba kwa kidole gumba. Inasaidia ukipiga taratibu, lakini ukipiga kwa nguvu utaponyoka.

Sababu ya pili ni ulegevu. Uzi wa tano na wa kwanza umeshashushwa, kwa hiyo kwenye seti nyembamba ya inchi 0.010 zinakuwa kama kamba ya nguo. Ukizikwangua kwa nguvu, sauti inaruka juu kwanza ndipo inatulia. Seti ya nyuzi tano inayojulikana kuwa yake ni 0.011, 0.015, 0.018, 0.030 na 0.042. Usipoipata, nunua seti ya kawaida ya 0.011, tupa ule mnene, tumia tano zilizobaki. Ukishabadilisha, pima upya shingo na urefu wa nyuzi juu ya freti, kwa sababu mvuto wote umebadilika.

Ya tatu wengi hawaijui: uzi wa pili, B. Mashine ya kutyuni inakupa B ya 246.9 Hz (mitetemo kwa sekunde). Lakini juu ya G ya 196 Hz, B inayokaa kimya bila kutikisika ni 245. Ampli ikianza kukwaruza, tofauti hiyo ndogo inageuka mtetemo wa karibu mara 8 kwa sekunde, na kodi inachemka. Sikiliza hivi: gusa kidogo uzi wa tatu nyuma kidogo tu ya freti ya 4, na uzi wa pili juu ya freti ya 5, uzipige pamoja. Utausikia mtetemo. Shusha B mpaka upungue. Ukishusha senti 14 (freti moja ni senti 100) unakufa kabisa, ila usifike huko. Kuna umbo la kodi nalieleza sasa hivi ambalo uzi huohuo unabeba mzizi, na ukiushusha sana mzizi unakuwa chini. Senti 6 hadi 8 zinatosha.

Umbo lenyewe ni hili. Bana nyuzi zote tano kwa kidole cha shahada kwenye freti ya 5: hiyo ni C. Bila kuachia, weka kidole cha kati kwenye uzi wa pili freti ya 6, na cha pete kwenye uzi wa nne freti ya 7. Umepata F, huku mkono haujahama. Inua vidole viwili, umerudi C. Kwenda na kurudi kule ndiko kunakoendesha "Start Me Up" (1981), na ndugu zake wapo kwenye "Brown Sugar" (1971). Mpe kijana dakika tatu na mwendo huo, ataelewa kwamba tyuni ilimtungia mtu nusu ya wimbo. Kwenye tyuni ya kawaida vidole vinaruka umbali mrefu kwa kazi hiyohiyo, na mtunzi asingefika pale kwa urahisi.

Sasa ukoo. Tyuni hii ya G, Richards mwenyewe amekiri kumwona nayo Ry Cooder, Mmarekani aliyefanya kazi na Stones studio mwaka 1969. Cooder aliitumia zaidi kwa slaidi, bomba linaloteleza juu ya nyuzi. Richards akaihamishia kwenye rithim, akaondoa slaidi, akaondoa na uzi mmoja. Hapo ndipo penye ugunduzi wake. Nyuma ya Cooder wako watu wa bluzi wa Mississippi: msikilizishe kijana Muddy Waters kwenye "I Can't Be Satisfied" ya 1948, slaidi ndani ya tyuni hiyohiyo. Jina la Rolling Stones lenyewe limetokana na wimbo wa Muddy wa 1950.

Dada_Dramu:

Fundi amemaliza mkono wa kushoto. Niseme wa kulia, maana hapo ndipo bendi zetu zinapoanguka.

Chuck Berry mwenyewe ana wazazi, na wanasikika. Utangulizi wa "Johnny B. Goode" (1958) unafanana karibu sauti kwa sauti na gitaa la Carl Hogan kwenye rekodi ya Louis Jordan ya 1946, "Ain't That Just Like a Woman". Zipige rekodi hizo mbili moja baada ya nyingine bila kusema neno, vijana watashtuka wenyewe. Ile tabia ya kupiga nyuzi mbili kwa pamoja na kuzivuta ni ya T-Bone Walker, mpiga gitaa wa bluzi.

Halafu kuna piano. Mshirika wa Berry kwa miaka mingi alikuwa Johnnie Johnson, mpiga piano, na nyimbo nyingi za Berry ziko B flati na E flati, kii ambazo mpiga gitaa peke yake asingezichagua. Rithim yake ni mkono wa kushoto wa piano uliohamishiwa kwenye nyuzi. Kwa B flati: uzi wa sita freti ya 6 pamoja na wa tano freti ya 8, mara mbili, kisha kidole kidogo kinyooke hadi freti ya 10 kwenye uzi wa tano, mara mbili. Kidole cha shahada kisitoke pale. Inaumiza, na kijana mwenye mkono mdogo aanze kwenye A: uzi wa tano wazi, wa nne freti ya 2, kisha ya 4. Anzeni mapigo 90 kwa dakika, msikimbilie spidi ya rekodi.

Kosa lenyewe ni hili. Kwenye rekodi ile ya 1958 gitaa linagawa pigo vipande viwili sawa, na wakati huohuo dramu ya Fred Below inabembea, kipande cha kwanza kirefu na cha pili kifupi. Vitu viwili vinasuguana na ndiyo raha yake. Bendi nyingi huwapanga wote wabembee, ikatoka shafo (mdundo wa kubembea) ya kawaida. Au wote wanakuwa sawa, ikatoka gwaride. Mwambie mpiga dramu abembee kwenye saimbo (sahani ya dramu), mpiga gitaa abaki sawa, na wasisikilizane sana kwa dakika mbili za kwanza.

Richards alichukua rithim hiyo, siyo solo. Kisha akaitoboa matundu: pale Berry anapojaza kila kipande, yeye anapiga, ananyamaza, anapiga. Ule "mkato" unaoutafuta, kaka, ni kunyamaza. Baada ya kila kodi legeza vidole bila kuvitoa kwenye nyuzi ili sauti ife. Na Charlie Watts, mpiga dramu wa Stones aliyetoka kwenye jazi, alikuwa na desturi ya kuuacha mkono wa hai-hati (sahani mbili za kanyagio) kila anapopiga sineya (dramu ya mlio mkali). Tundu jingine hilo. Matundu ya watu wawili yakikutana, wimbo unapumua.

Kisasa_Rithim:

Asanteni sana. Nimeng'oa uzi wa sita, matope yameisha. B nimeishusha senti 7. Dada, ule msuguano wa dramu na gitaa sikuwahi kuusikia mpaka uliposema, sasa sisikii kingine. Limebaki la zeze.

Mwl_Ilimba:

Ndugu yangu, usiseme hivyo mbele ya vijana, na nakuomba hivyo kwa kuwa naupenda muziki wa Wagogo.

Kufanana hakutoshi. Ili ushawishi uthibitike unahitaji vitu vitatu pamoja: alama inayosikika au kushikika, tarehe zinazokubali, na njia iliyomfikisha huyu kwa yule. Kwetu tunalijua hili vizuri. Tunaposema rumba ya Kongo ilinyonya Cuba, tunaweza kuonyesha njia: santuri za mfululizo wa GV za kampuni ya HMV, zilizoanza kusambaa Afrika miaka ya 1930. Kwa Richards pia njia ipo. Oktoba 1961, stesheni ya Dartford, Uingereza, Mick Jagger, mwimbaji wa Stones, alikuwa kwapani na santuri za Chuck Berry na Muddy Waters, na hapo ndipo wawili hao walipounganika tena. Mwaka 1963 Stones walizunguka Uingereza kwenye ziara moja na Wamarekani Bo Diddley na Everly Brothers, na Don Everly alikuwa mpigaji wa tyuni za wazi kwenye gitaa la mbao. Alama, tarehe, njia.

Zeze halina njia hiyo. Kwanza linapigwa kwa upinde. Pili, misafara iliyokatiza Ugogo ilielekea Bagamoyo na Unguja, Bahari ya Hindi, wakati waliopelekwa kusini mwa Marekani walitoka zaidi Afrika Magharibi na upande wa Kongo na Angola.

Lakini Afrika imo ndani ya zile nyuzi tano, kupitia mlango mwingine. Banjo ya nyuzi tano hutyuniwa wazi kwenye G, nyuzi zake nne ndefu ni D G B D. Banjo ni kizazi cha vinanda vya kibuyu na ngozi vya Afrika Magharibi, mfano akonting ya Wajola wa Senegambia, vilivyoundwa upya na watumwa Karibi na Marekani. Njia ya pili ni gitaa la sebuleni la karne ya 19: kulikuwa na kipande maarufu kikiitwa "Spanish Fandango", kilichopigwa kwa tyuni ya G wazi, na ndiyo maana wapiga bluzi wa zamani waliiita tyuni hiyo "Spanish". Eleza zote mbili. Zilikutana mikononi mwa watu walewale.

Na kufanana wanakokusikia watu wa hapa siyo ndoto. Ngazi ya sauti ya Wagogo inafuata sauti za asili zinazotoka ndani ya uzi mmoja, ikiwemo ya saba, ambayo iko senti 31 chini ya ile ya piano. Bluzi nayo inapenda kuishusha sauti ya saba kuelekea hukohuko. Onyesha kwa gitaa lako: gusa kidogo uzi wa tano, nyuma kidogo ya freti ya 3, upige. Ikitoka F iliyo chini kidogo, mwite mtu anayejua kuimba nyimbo za Kigogo za Chamwino akuambie kama anaifahamu. Tabia ya uzi imewafikisha watu wawili mahali pamoja bila kuonana.

Ukitaka Ugogo ukutane na roki kwa ushahidi, upo, ila tarehe zake ni za baadaye. Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, alirekodi "Chibite" (1996) kwa lebo ya Real World, iliyoanzishwa na mwanaroki Peter Gabriel, na mwaka 2002 ikatoka "Assembly" pamoja na Michael Brook, mpiga gitaa na mtayarishaji. Hapo zeze, ilimba (kinanda cha vidole gumba) na gitaa la umeme vimekaa chumba kimoja. Hiyo iwe kipindi chako cha pili, inastahili dakika 40 zake yenyewe.

Fundi_Nyuzi:

Mwalimu yuko sahihi kuhusu Everly, nami niongeze ili usimpe Cooder kila kitu. Tyuni za wazi Richards alikuwa nazo kabla ya 1969. "Street Fighting Man" (1968) ni magitaa ya mbao kwenye tyuni ya wazi, yaliyorekodiwa kwa kaseti rekoda ndogo ya Philips mpaka ikazidiwa, ndiyo maana yanasikika kama ya umeme. Cooder alileta G. Mlango ulikuwa wazi tayari.

Kisasa_Rithim:

Nimeshapanga: Hogan, Berry, piano, Muddy, Cooder, kisha "Start Me Up", na banjo mwisho. Gitaa moja litatosha? Sehemu ya Berry inataka tyuni ya kawaida.

Fundi_Nyuzi:

Hapana, azima la pili. Kung'oa uzi, kushusha wengine na kungoja shingo itulie katikati ya kipindi kutakula dakika kumi, na tyuni itaendelea kuhama. Yote mawili yafike ukumbini nusu saa kabla, yatolewe kwenye mifuko. Ukiyatyuni kwenye ubaridi wa asubuhi na kupiga saa nane mchana, nyuzi zitakuwa zimetanuka kwa joto na zote zitashuka. B yako ya senti 7 uitege mwisho kabisa, kwa sikio.