Kitenzi "climb": maana, matumizi na asili yake

Mwanafunzi wa uongozaji watalii, Moshi
Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Ninapoandaa maelezo ya kuwapa wageni, kitenzi cha Kiingereza "climb" kinanitatiza. Sisi husema kupanda mlima na kushuka mlima, lakini nimekutana na "climb down", ambayo kwangu ni sawa na kusema kupanda chini. Je, ni Kiingereza sahihi? Na kwa nini herufi "b" inaandikwa ilhali haitamkwi?

Mwalimu wa Kiingereza, Arusha
Ni sahihi kabisa, na sababu imo katika asili ya neno. Katika Kiingereza cha Kale lilikuwa "climban", na ndugu yake katika Kijerumani na Kiholanzi ni "klimmen"; kwa kawaida huhusishwa na mzizi wenye maana ya kushikamana. Kwa hiyo kilicho muhimu ni mikono na miguu kung'ang'ania, na ndiyo maana hata anayeshuka mtini huku ameukumbatia huambiwa "climbs down". Mimi huwaambia wanafunzi wangu wafikirie kwanza kukwea mnazi, si kupanda basi.

Maana imepanuka, kwani ndege na bei za vitu nazo "climb" ingawa hazina mikono. Hapo lakini mwelekeo ni juu tu, na bei haiwezi "climb down".

Herufi "b" ilitamkwa zamani, kisha ikanyamaza baada ya "m" mwishoni mwa neno, kama katika "lamb" na "comb".

Mwongoza watalii, Marangu
Mwalimu, ahsante sana. Mdogo wangu, nikuongezee la kazini. Njia ya Marangu ni ya kutembea, ilhali katika ukuta wa Barranco, kwenye njia ya Machame, mgeni hushika mwamba kwa mikono. Hata hivyo "climb Kilimanjaro" hutumika kwa njia zote mbili. Tahadhari yangu ni moja: ukiandika kwamba mgeni "climbed Kilimanjaro", msomaji ataelewa kwamba alifika kileleni Uhuru, mita 5,895. Aliyegeuzwa katika kibanda cha Kibo, kituo cha mwisho cha kulala kwenye njia ya Marangu kabla ya kilele, kwa sababu ya maradhi ya mwinuko usimwandikie hivyo. Andika "climbed as far as Kibo Hut", na hakuna atakayekuhoji.