Tuuze kiwanja ili mtoto akasome Oxford?

Mjomba wa Goba (mwanzisha mada)

Wadau, habari za Jumapili. Jana tulikuwa na kikao cha familia kwa dada yangu, tumeachana saa nne usiku na hatujaafikiana. Binti yake amepata ofa ya kusoma shahada ya kwanza Oxford. Huyu amesoma kwa ufadhili tangu kidato cha kwanza. Usaili wenyewe aliufanyia kwenye meza ya kulia chakula, feni imezimwa isipige kelele, jasho linamtiririka.

Furaha ilidumu mpaka dada alipotoa daftari lake la vikoba na kuanza kuandika. Kwa walioingia 2025, ada ya wageni pale ilianzia pauni 37,380 kwa mwaka, na kozi za juu zilifika 62,820. Tukachukua ile ya chini. Tukikadiria pauni moja kwa shilingi 3,300, ni milioni 123 na ushee. Hapo hajala, hajalala. Uhamiaji wao wanataka pia uonyeshe pesa ya kujikimu ya miezi tisa, pauni 1,171 kwa mwezi kwa anayesoma nje ya London, na pesa hiyo iwe imekaa benki siku 28 mfululizo bila kupungua. Kuna viza. Kuna tozo ya afya, pauni 776 kwa mwaka, na unalipa ya miaka yote kwa mkupuo kabla hujaiona hiyo ndege. Mwaka wa kwanza ukapita milioni 165, tiketi bado. Ada tupu ya miaka mitatu ni milioni 370, kama haitapanda, na hupanda.

Kilichopo ni kiwanja cha Kibaha alichoacha marehemu shemeji. Kinatosha mwaka mmoja, tukipata mnunuzi mwenye huruma. Wengine wanasema tuuze, mbele kwa mbele Mungu atafungua. Mmoja kapendekeza mkopo wa benki za nje, mwingine kasema binti atafanya vibarua huko huko ajilipie ada. Mimi ndiye niliyesema tusiuze, na sasa naonekana mchawi. Hoja yangu: mtoto wa Kiingereza aliyeingia mwaka huo huo wa 2025 alilipa pauni 9,535. Sisi tunatakiwa karibu mara nne ya hiyo, kwa mwalimu yule yule na baridi ile ile. Kiwanja cha shemeji kinakwenda kumsomesha mtoto wa watu. Naomba kuwasilisha. Nipingwe kwa hoja.

Mama Wawili

Mchawi ni wewe kweli. Angekuwa wa kwako ungekuwa umeshampigia dalali.

Mkaa Leeds

Mjomba, niko huku mwaka wa sita, nikusahihishe kidogo. Hiyo 9,535 siyo bei ya masomo, ni kiwango kilichopangwa na serikali kwa wenyeji. Tangu 2017 hadi mwaka wa masomo wa 2024/25 kilikaa 9,250 huku mkate, umeme na mishahara vikipanda. Vyuo vikaziba pengo kwa wageni. Na wenyeji wengi hawatoi pesa mfukoni, wanakopeshwa na serikali na kuanza kulipa wakishapata kazi ya mshahara fulani. Kwa hiyo hoja yako ina ukweli, ila hasira umeielekeza kwa mtoto asiye na kosa.

Na anayewaambia kwamba binti atabeba boksi ajilipie ada anawadanganya. Viza ya mwanafunzi inaruhusu saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Muhula wa Oxford ni wiki nane, insha juu ya insha, na chuo chenyewe hakipendi mwanafunzi wa shahada ya kwanza afanye kibarua muhula ukiwa umefunguliwa. Nimefanya kazi ya usiku kwenye ghala nikisoma chuo cha kawaida tu. Ililipa chumba na mchele. Ada haikuigusa.

Mwalimu Mstaafu

Jana lazima kuna mtu kwenye kikao chenu alisema, "Mbona Nyerere alisoma huko?" Husemwa kila mahali. Mwalimu alikwenda Edinburgh 1949 kwa ufadhili wa serikali, hakuna ng'ombe wa Butiama aliyeuzwa. Kibaki naye alifika LSE, chuo cha uchumi cha London, kwa ufadhili baada ya Makerere. Tena miaka ile mgeni hakutozwa gharama nzima. Tofauti ya ada kati ya mgeni na mwenyeji ilianza 1967, na serikali ya Thatcher ndiyo iliyoamua kwamba kuanzia 1980 mgeni mpya alipe gharama yote. Wazungu wa Ulaya waliponea kwa muda mrefu, mpaka Uingereza ilipojitoa kwenye Umoja. Tangu 2021 nao wanalipa kama sisi, na wanalia kama sisi. Sasa serikali yao imetangaza kwamba kuanzia Agosti 2028 vyuo vya England vitatozwa pauni 925 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa kigeni, ukiacha 220 wa kwanza wa kila chuo. Mnadhani vyuo vitaichukua wapi hiyo pesa?

Binti Tanga

Mimi nipo upande wa Mjomba, lakini kwa sababu nyingine. Nimesoma UDSM, ada yangu ya miaka mitatu yote haikufika milioni tano. Nikafanya kazi, nikaomba Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, mara mbili, ya pili wakanichukua. Uzamili wa mwaka mmoja, ada, nauli na posho juu yao. Ufadhili mwingi mnaousikia, Rhodes, Gates Cambridge, Jumuiya ya Madola, ni wa shahada za juu. Wa shahada ya kwanza ni wa kutafuta kwa tochi. Upo Reach Oxford kwa nchi maskini, nafasi zake chache mno. Asome nyumbani, aende baadaye bila kumwacha mama yake kwenye deni.

Mama Wawili

Dada, Chevening wanataka kwanza uwe na miaka miwili kazini. Kazi yenyewe iko wapi? Na wewe ulikosa mara ya kwanza, wenzako wanakosa mara zote. Unamwambia mtoto aachie ofa iliyo mkononi akangoje bahati nasibu. Watu wanauza viwanja kwa ajili ya sherehe ya siku moja na hakuna anayeitisha mjadala.

Abu Salim, Unguja

Aliyependekeza mkopo wa benki za nje amesahau riba. Kwa Mwislamu huo mlango umefungwa. Kwa asiye Mwislamu, asome kwanza maandishi madogo.

Baba Thika

Wazee, mimi nilishauza shamba, nisikilizeni. Kijana wangu alikuwa na KCSE nzuri, yaani mtihani wetu wa Kenya wa kumaliza sekondari, lakini kwa vyuo vingi huko KCSE pekee haikuingizi shahada moja kwa moja. Akasoma kwanza mwaka wa maandalizi, kwa ada kamili. Wakala wa mjini aliyetushughulikia hakututajia hilo hadi tulipolipa.

Kilichonimaliza ni pauni. Ada ilikuwa 20,000. Januari 2023 pauni ilikuwa kama shilingi 150 za Kenya, nikapiga hesabu ya milioni tatu. Januari 2024 ilipita 200. Ada ile ile, barua ile ile, sasa ni milioni nne, na shamba lilishaisha. Miezi michache baadaye shilingi yetu ikapata nguvu, lakini tarehe ya kulipa ilikuwa imepita. Alirudi mwaka wa pili katikati. Mjomba, wewe unahesabu kwa shilingi ya leo. Ongeza theluthi moja, kisha urudi kwenye hicho kikao.

Mjomba wa Goba

Nimeongeza theluthi. Daftari limefungwa, dada kaingia jikoni na hajatoka.

Mama Wawili, ulichosema kuhusu sherehe kimenichoma, harusi ya mwanangu ilikula zaidi ya milioni 20 na nilichangisha bila aibu. Mwalimu, aliyemtaja Nyerere nilikuwa mimi. Bado nasema tusiuze, ila sauti imepungua.

Binti ameusoma uzi wote, maneno ya uchawi yamemchekesha. Hajasema uzeni wala msiuze. Ana swali moja kwa Baba Thika: ule mwaka mmoja alioumaliza kijana, chuo cha nyumbani kiliuhesabu?

Baba Thika

Mwambie tulipeleka matokeo yake vyuo vitatu. Viwili vilikataa. Cha tatu kilikubali masomo manne, yaliyobaki akaanza na watoto wa mwaka wa kwanza. Sasa yuko wa tatu. Barua zote ninazo kwenye faili, akitaka nimpigie picha aone walivyoandika.