Land Cruiser VX 100 ya dizeli, lakini kadi ya usajili inasema petroli: ninunue?

Mama Uwemba:

Wadau, habari za jioni. Naomba msaada wa mawazo kabla ya Jumamosi, maana muuzaji anataka nusu ya hela siku hiyo.

Tuko Njombe, tunalima parachichi na viazi. Shamba kubwa liko njia ya Ludewa, na masika kile kipande cha kuingia ndani kinageuka uji. Noah tuliyonayo imevutwa na trekta mara nne mwaka huu. Nyumbani tuko wanane pamoja na mama mkwe, ambaye magoti yanamsumbua na pikapu hawezi kabisa. Ndiyo maana mume wangu na mimi tumeamua kutafuta Land Cruiser, siyo Prado, ile kubwa yenyewe.

Tumepata VX 100 Makambako. Nyeupe, namba za usajili zinazoanza na C, dizeli, gia ya mkono, milioni 42. Ndani ni safi, na vile viti viwili vya kukunja kule nyuma vipo. Nimeiendesha kama kilomita kumi, imetulia. Kinachoninyima usingizi ni kadi: imeandikwa petroli, cc 4660. Nilipomuuliza akasema walikosea tu wakati wa kuandika, na kurekebisha ni jambo la dakika tano.

Hela hii ni ya misimu miwili. Nielezeni kama mnavyomweleza dada yenu wa tumbo moja.

Fundi Gerezani:

Dada, usitoe hata shilingi kabla hujasoma namba ya chesisi kwa macho yako. Usikubali ya kwenye karatasi wala ya kwenye kibati.

Chukua tambara na brashi ya waya, piga magoti upande wa kulia, pale gurudumu la mbele. Namba imegongwa kwenye chuma cha chesisi. Sugua matope mpaka herufi zitoke. Ukikuta UZJ100, gari hiyo ilizaliwa na V8 ya petroli, 2UZ, lita 4.7. HDJ100 au HDJ101 ni dizeli yenye turbo, 1HD-FTE. HZJ105 ni dizeli isiyo na turbo, 1HZ, na mbele ina ekseli nzima kama ya Land Cruiser 80, wakati hizo nyingine kila gurudumu la mbele linacheza peke yake. 1HZ na 1HD-FTE zote zina cc 4160 na kitu. Kwa hiyo kadi ikisema 4660 na petroli, mimi naiamini kadi. Hakuna aliyekosea. Injini imebadilishwa.

Hata hiyo gia ya mkono imenistua. VX nyingi za V8 zilizotoka Japani ni otomatiki.

Sababu ni mafuta. V8 inakupa kilomita tano au sita kwa lita, mwenyewe anachoka, anaiuza kwa bei ya kutupa. Anakuja mwingine, anang'oa V8, anapachika 1HZ ya mtumba kutoka Ilala, halafu anaiuza kwa bei ya dizeli halisi. Kazi hiyo nimewahi kuifanya mara tatu, miaka ya nyuma. Nimeacha, maana wenye gari walirudi wote watatu na sikuwa na cha kuwaambia. 1HZ ni injini ngumu na naipenda, lakini nguvu zake ni farasi 130 hivi. VX ni kama tani mbili na nusu kabla hamjapanda nyie wanane, na V8 iliyong'olewa ilikuwa na farasi 235. Ndipo watu wanafunga turbo kwenye 1HZ ili ipate pumzi. Haikutengenezewa turbo, ina chumba kidogo cha kuchomea mafuta ndani ya hedi, joto likizidi hedi inapasuka.

Angalia pia nyaya. V8 inaongozwa na kompyuta kila mahali, 1HZ haina habari na hayo. Fundi akikata nyaya asizozijua, taa na geji za dashibodi zinabaki mapambo. Na kama injini ilibadilishwa kihalali, mwenyewe alipaswa kupeleka taarifa TRA, mamlaka ya mapato, ili kadi ibadilishwe. Mwambie afanye hivyo yeye, kwa jina lake, kabla ya mkataba wa mauziano. Kama kweli ni dakika tano, atazifanya.

Kijana wa Mbezi:

Mbona mnajisumbua? Agiza Japani moja kwa moja, unapata HDJ101 safi yenye kumbukumbu za matengenezo.

Fundi Gerezani:

Mkuu, 100 ziliacha kutengenezwa 2007. Gari ya umri huo inaongezewa ushuru wa uchakavu juu ya kodi zake za kawaida. Piga hesabu kwenye kikokotoo cha TRA uone kama milioni 42 itafika hata bandarini. Anayelima parachichi hela yake ina kazi nyingine.

Mzee wa Makete:

Mwanangu wa Uwemba, msikilize huyo fundi. Hiyo yenye injini ya kupachikwa mimi nimeimiliki, miezi saba tu. Nilinunua kwa mtu ninayemfahamu, nikaona aibu kukagua.

Nilikuwa natoka Kitulo asubuhi na mapema, nimempakia mke wangu tunawahi kliniki. Mshale wa joto ulikuwa katikati, pale pale unapokaa siku zote. Nikasikia harufu tamu, kama ya sukari inayoungua. Nikatazama mshale: katikati. Nikaendelea. Kilomita mbili mbele injini ikapungua nguvu, ikazima, na moshi mweupe ukajaa barabara. Rejeta haikuwa na maji hata kikombe. Niliwasha swichi tena, na mshale ukapanda ukakaa katikati. Haukuwa umeunganishwa na injini, walikuwa wameutafutia njia ya kusimama pale. Mke wangu alikaa kwenye mawe na blanketi, saa tatu nzima, mpaka tukapata lori la viazi. Mpaka leo nikiwasha gari yoyote naangalia mshale unavyopanda kutoka chini. Kama haupandi taratibu, nazima.

Kwa hiyo fika kwa muuzaji alfajiri bila kumwambia saa. Weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, ameshaiwasha ili ikupokee vizuri. Huku kwetu kwenye baridi, dizeli iliyochoka hujitaja yenyewe ikiwashwa mara ya kwanza. Ikishawaka, fungua kifuniko cha oili uone kama inapumua kwa nguvu na kutoa moshi. Na kwa barabara ya Ludewa usikimbilie VX. Tafuta 105 ya kawaida, hiyo HZJ105 aliyoitaja fundi, zile zilizokuwa za miradi. Haina viti vya ngozi wala mbwembwe, lakini inatoka kwenye tope.

Mama Uwemba:

Shikamoo Mzee. Fundi, kaka yangu, asante sana. Narudisha majibu.

Nilikwenda na tambara langu. Muuzaji alisema namba haisomeki kwa sababu ya kutu, nikamwambia nina muda. Nilisugua kama robo saa. Ilitoka U, kisha Z, na hapo nikasimama, sikuhitaji zilizobaki. Kuhusu kadi, akasema nimpe kwanza hela ndipo ashughulikie. Tuliagana vizuri.

Wiki iliyofuata mume wangu alipata habari za 105 Iringa, ya 2004, iliyonunuliwa mnadani kutoka mradi fulani. Kadi inasema dizeli, chesisi HZJ105, injini namba ile ile iliyoko kwenye kadi. Milioni 36. Tuliiwasha saa kumi na mbili asubuhi, boneti baridi kama jiwe, ikashika mara ya pili, moshi kidogo ukaisha. Tukaiteremsha Kitonga mpaka Ruaha Mbuyuni na kuipandisha tena, watu watano ndani. Nilikuwa nimekodoa macho kwenye mshale njia nzima. Ulipanda, ukatulia chini kidogo ya katikati, haukusogea. Kuna oili iliyochanganyika na grisi inavuja kwenye gurudumu la mbele kushoto, tukakatiwa milioni moja kwa ajili hiyo. Mama mkwe anapandia stuli, lakini akishakaa hataki kushuka.

Jambo moja. Jana nilipokuwa nafuta dashibodi nimekuta kipande cha utepe mweusi kimebandikwa kwenye taa. Nikakibandua, ikawaka: T-BELT. Ni mbaya?

Fundi Gerezani:

Hongera dada. Hiyo taa huwaka kila baada ya kilomita 100,000 kukukumbusha mkanda wa taiming. Aliyeuza hakutaka uulize. Mkanda ukikatika kwenye 1HZ valvu zinagonga pistoni, kwa hiyo usiende nayo shamba mpaka ubadilishwe. Badilisha na tenshena, kile kinachokaza mkanda, kwa pamoja, maana fundi anafungua sehemu ile ile.

Mama Uwemba:

Imeegeshwa kuanzia sasa. Naomba seti nzima uipakie basi la Njombe la Jumatano, nitume hela kesho asubuhi. Na sili za hilo gurudumu la kushoto, weka pamoja.